Kupeleka jeni mpaka ndani ya ubongo kwa polima: mwongozo kamili wa mtu wa labu hapa Nairobi

Kama uko Chiromo, ama umeazimwa benchi kwa labu ya watu huko ILRI au KEMRI, na supavaiza amekupea projekti ya polima za kubeba jeni mpaka kwa ubongo, kuna uwezekano mkubwa uliambiwa tu "nunua PEI, changanya na DNA, tuone kama seli zitang'aa kijani" (PEI ni polietilenimini, polima yenye chaji chanya). Zitang'aa. Hiyo ndio shida yenyewe. Seli za HEK293, za figo ya binadamu zinazokuzwa labu, zinang'aa na karibu kila kitu, halafu miezi inaisha uko na picha poa za kijani lakini hujagusa swali lenye liko kwa jina la thisis yako, ambalo ni kuvuka ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Kwa hivyo kila hatua hapa chini naiuliza swali moja: hii kitu imevuka ukuta, imeshika tu kwa ukuta, ama imeubomoa? Hayo ni majibu matatu tofauti kabisa na kwa mashine nyingi yanatoa namba zinazofanana.

Ukuta wenyewe, haraka haraka

1885 Paul Ehrlich alidunga wanyama rangi kwa damu, viungo karibu vyote vikashika rangi, ubongo ukabaki vile ulivyokuwa. Yeye alidhani ubongo hauipendi tu hiyo rangi. 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann akageuza, akaweka rangi moja kwa moja kwa maji ya ubongo, sasa ubongo ukashika rangi na mwili mwingine haukushika, kumaanisha katikati kuna kizuizi. Huo ukuta si ngozi imefunika ubongo kutoka nje kama wengi wanavyofikiria, ni seli za ndani ya kapilari zenyewe (mishipa midogo kabisa ya damu; seli hizo zinaitwa endothelia), zimebanwa pamoja na protini kama klaudini-5, nyuma yake kuna perisaiti na miguu ya astrosaiti (seli zinazoutegemeza ukuta), na juu ya hiyo kuna pampu, P-glikoprotini ikiwemo, zinazorudisha kwa damu vitu vimejaribu kupenya. Kapilari za ubongo wa mtu mmoja ukizinyoosha ni kama kilomita 600, na sehemu nyingi za ubongo ziko karibu sana na kapilari fulani. Maanake ukipita ukuta uko karibu kila mahali, ndio maana watu hawachoki na hii njia ya damu hata kama ni ngumu.

Sasa angalia saizi. Dawa zinazopita zenyewe kawaida ziko chini ya daltoni 500 hivi na zinapenda mafuta. Plazmidi (duara la DNA lenye jeni) ya bezi 4,700 ni kama daltoni milioni 3, imejaa chaji hasi, na damu iko na vimeng'enya vya kuikatakata. Haipiti. Lazima ibebwe.

Mtu atakuuliza kwa nini usitumie virusi. Swali halali. AAV9, aina ya virusi vidogo vya kubeba jeni, ilionyeshwa 2009 inavuka kwa panya wachanga, na 2019 Marekani ilipitisha Zolgensma, dawa ya AAV9 ya watoto wenye SMA (ugonjwa wa misuli kudhoofika), bei yake zaidi ya dola milioni 2 kwa dozi. AAV inabeba karibu bezi 4,700 tu basi, watu wengi tayari wako na kingamwili zake, na kuitengeneza ni kazi. Polima haina hiyo mipaka ya saizi, mingi inakaa kwa shelfu ama fridji ya kawaida, na hapa kwetu stima ikipotea wikendi hiyo si kitu kidogo. Lakini tusidanganyane, kwa kuvuka kwenyewe polima ziko nyuma sana, hakuna hata moja imepitishwa ya kupeleka jeni kwa ubongo kupitia damu.

Karatasi, umalizane nazo mapema

Leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kamati ya maadili ya taasisi yako, na kwa sababu utakuwa unakuza plazmidi kwa bakteria waliobadilishwa, uliza kama labu tayari iko na kibali cha National Biosafety Authority cha matumizi ya ndani. Ya wanyama ni kamati yake kando. Anza hizi kabla ya kuoda chochote. Na ukioda peptaidi, seramu ama seli kutoka nje, panga zifike JKIA mwanzo wa wiki, mzigo wenye dry ice ukifika Ijumaa jioni unaweza kukaa mpaka Jumatatu na utapokea boksi yenye maji ya uvuguvugu. PEI yenyewe haina hizo stori, inasafiri kwa joto la kawaida.

Chagua polima mbili, si tano

PEI ndio ya kawaida tangu timu ya Jean-Paul Behr kule Strasbourg waitangaze 1995. Yenye matawi ya kilodaltoni 25 inafanya kazi vizuri na inaua seli vizuri pia. Tumia kama kipimo cha kujilinganisha, usiifanye shujaa wa thisis. Kuna ya mstari, isiyo na matawi, sumu yake kidogo ni afadhali, ila ujue ya mstari isiyo chumvi haiyeyuki kwa maji baridi, na ile inauzwa kama chumvi ya haidrokloridi uzito wake kwa kila naitrojeni si ule ule, hiyo tutaiona kwa hesabu.

PAMAM ni dendrima, mti wa matawi uliotengenezwa kwa mpangilio, Tomalia na wenzake 1985. Kizazi cha 4 kiko na amini 64 juu, cha 5 kiko na 128. Uzuri wake ni kwamba unajua amini ziko ngapi kwa hivyo ukiunganisha ligandi (molekuli ya kushika kipokezi cha seli) unaweza kuhesabu kwa uhakika. Bei ni kali.

Kitosani inatoka kwa maganda ya kamba na kaa, na mtu wa pwani atakuambia tuna maganda ya kutosha, ni kweli, lakini ya kujitengenezea inatofautiana kila bechi, kiwango cha deasetilesheni (asetili ngapi zimetolewa) na urefu wa mnyororo vinabadilika, na jeni ikikataa kufanya kazi hutajua ni polima ama ni bechi. Nunua yenye imepimwa. Pia kitosani inayeyuka kwa asidi dhaifu, na ukifika pH 7.4 ya damu imepoteza chaji yake nyingi, chembechembe zinaanza kushikana. Mimi kwa ubongo kupitia damu singeanza nayo.

Poli(beta-amino esta), PBAE kwa kifupi, Lynn na Langer 2000, hii ndio naipenda. Inavunjika yenyewe kwa maji, kwa hivyo seli haibaki na uchafu wa polima milele. Ubaya ni huo huo, inavunjika hata kwa fridji yako. Iweke kwa DMSO kavu (kiyeyushi kisicho na maji), gawa kwa tyubu ndogo ndogo, minus 20, na kila tyubu ikifunguliwa usiirudishe.

Ukiniuliza, chukua PEI ya kulinganishia na PBAE ama PAMAM ya kazi. Basi.

Hesabu ya N/P, hapa ndio wengi wanateleza

N ni naitrojeni za amini kwa polima, P ni fosfeti za DNA. Uwiano wao ndio unaamua kama chembe (polima na DNA zikishikana) itafunga vizuri ama itabaki na mikia ya DNA nje. Hesabu ni rahisi ukiifanya mara moja kwa karatasi.

DNA: kila nyukliotaidi ni kama gramu 330 kwa moli na iko na fosfeti moja, kwa hivyo mikrogramu 1 ya DNA iko na karibu nanomoli 3 za fosfeti. PEI: kila kipande chenye naitrojeni moja ni gramu 43 kwa moli. Unataka N/P ya 10 kwa mikrogramu 1 ya DNA? Unahitaji nanomoli 30 za naitrojeni, mara 43, ni nanogramu 1,290, yaani karibu mikrogramu 1.3 ya PEI. Kama stoki yako ni miligramu 1 kwa mililita, hiyo ni mikrolita 1.3, na pipeti ya labu ya watu wengi haiwezi kupima 1.3 kwa uaminifu, kwa hivyo punguza stoki mara kumi uvute 13. Na kama yako ni ya haidrokloridi, kipande kimoja kinakuwa karibu gramu 79.5 kama kila naitrojeni imeshika asidi, so ukitumia 43 umeweka karibu nusu tu ya ulichodhani. Soma lebo ya chupa kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa PBAE na PAMAM watu wengi huandika uwiano wa uzito badala ya N/P. Sawa tu, lakini andika zote mbili, msomaji wako asianze kukisia.

Kitu kingine, PEI inamaliza kushika DNA kwa N/P ya karibu 3, ukienda 10 ile nyingi inaelea huru. Hiyo ya huru ndio inasaidia jeni kuingia kwa seli na ndio hiyo hiyo inaleta sumu nyingi. Maanake N/P ya juu yenye inang'aa sana kwa sahani inaweza kuwa mbaya kabisa ukifika kwa ukuta, juu polima huru inaharibu maungio ya seli na vitu vinapita kwa ufa. Weka hiyo akilini tukifika Transwell, yaani ukuta wa bandia.

Kuchanganya

Plazmidi iwe safi, isiyo na endotoksini (sumu ya bakteria), A260/280 (kipimo cha usafi) kati ya 1.8 na 1.9. Kwa mwanzo tumia ya lusiferesi (kimeng'enya cha kutoa mwanga) kwa namba na ya EGFP (protini inayong'aa kijani) kwa picha, mambo ya jeni ya ugonjwa yatakuja.

Bafa: glukosi asilimia 5 ama HEPES milimola 20. Usichanganye kwa saline ukitaka chembe ndogo, chumvi inafunika chaji na PEI inavimba na kushikana mbele ya macho yako. Punguza DNA kwa bafa, punguza polima kwa bafa hiyo hiyo, voliumu sawa, mimina moja kwa nyingine kwa mara moja, vuta na urudishe na pipeti, kisha acha dakika 20 hadi 30. Utaratibu wowote utakaochagua, nani anamwagwa kwa nani, kasi gani, usiubadilishe katikati ya projekti. "Joto la chumba" kwa protokoli za wazungu ni 20 mpaka 25, labu ya Nairobi mwezi wa saba asubuhi haifiki hapo, kwa hivyo weka bloku ya joto kwa 25 ndio bechi ya Julai ifanane na ya Februari.

Tengeneza na utumie siku hiyo hiyo. Ukitaka kuhifadhi, gandisha na ukaushe pamoja na sukrosi ama trehalosi, halafu pima saizi upya baada ya kurudisha maji, usiamini tu.

Imefunga ama haijafunga

Jeli ya agarosi asilimia 0.8 mpaka 1, weka DNA uchi, kisha N/P 1, 2, 3, 5, 10. DNA iliyofungwa inabaki kwa kisima. Safu mbili za ziada ambazo watu huziacha: moja umeongeza heparini (yenye chaji hasi nyingi, inashindana na DNA) uone kama DNA inatoka, kwa sababu kitu kisichoachilia hakina maana, na nyingine umeweka DNeisi I (kimeng'enya cha kukata DNA) kwanza, ukaizima, ndio ukaongeza heparini, uone kama DNA ilikuwa imelindwa kweli. Ukiwa na hizo tatu kwa picha moja umesema mengi.

Saizi kwa mashine ya kutawanya mwanga, usisome namba moja ya wastani tu, angalia PDI (kipimo cha saizi kutofautiana), ikipita 0.3 una mchanganyiko wa vitu na hujui ni gani inafanya kazi. Pima kwa bafa, halafu pima tena kwa chumvi ya kiwango cha mwili baada ya dakika 10, 30, na saa moja. Chembe nyingi za PEI bila PEG (polima ya kufunika nje, tutaiona chini) zinaanza poa kama nanomita 100 na kwa chumvi zinakua mpaka hazifai kudungwa mnyama. Huo mtihani mdogo ungeokoa panya wengi sana.

PEG na ligandi: kushika sana si kuvuka

Chembe yenye chaji chanya ukiidunga kwa mshipa wa mkia inashikana na protini za damu na inaishia kwa kapilari za mapafu, ambazo ndizo za kwanza inakutana nazo. Panya anaweza kufa hapo hapo. Ndio maana PEG. Inapunguza chaji ya juu mpaka karibu sifuri na inatuliza mambo, na ikiwa nene vizuri inasaidia hata ndani ya tishu ya ubongo: zamani ilidhaniwa kitu cha zaidi ya nanomita 64 hakitembei kati ya seli za ubongo, 2012 kikundi cha Johns Hopkins wakaonyesha chembe za 114 zilizopakwa PEG nzito zinatembea. Lakini angalia, hizo ziliwekwa ndani ya ubongo moja kwa moja, hazikuvuka ukuta. Ukiona mtu ameitaja kama ushahidi wa kuvuka, hajaisoma.

PEG nayo ina gharama, seli inashindwa kuikamata. Hapo ndio ligandi inaingia, kitu cha kubisha mlango fulani. Za kawaida ni transferini (protini ya kubeba chuma) ama kingamwili ya kipokezi chake, Angiopep-2 ambayo ni peptaidi ya amino asidi 19 inayoshika kipokezi LRP1, na RVG29, kipande cha amino asidi 29 kutoka kwa protini ya virusi ya kichaa cha mbwa. Usishtuke, ni peptaidi ya kutengenezwa, hakuna virusi hapo. 2007 waliunganisha RVG29 na arjinini tisa wakapeleka siRNA (RNA fupi ya kuzima jeni) kwa ubongo wa panya kupitia damu, na tangu hapo kila mtu anaibandika kwa polima yake. Weka ligandi kwenye ncha ya PEG, si kwa polima ndani, la sivyo PEG inaifunika na umelipia peptaidi ya bure.

Halafu kosa kubwa la akili: kudhani ligandi nyingi na zinazoshika kwa nguvu ni bora. 2011 watu wa Genentech walionyesha kingamwili za kipokezi cha transferini zinazoshika kwa nguvu zinabaki kwa kapilari, zile dhaifu ndizo zinaachilia upande wa pili na kuingia ubongoni zaidi. 2013 maabara ya Mark Davis kule Caltech wakaona hivyo hivyo kwa chembe za dhahabu, transferini nyingi sana juu ya chembe, inakwama kwa endothelia. Ni abiria wa matatu ameng'ang'ania chuma mpaka stage yake inampita. Kwa hivyo usitengeneze chembe moja yenye ligandi, tengeneza angalau tatu, yenye ligandi kidogo, ya kati, na nyingi, na ya nne yenye peptaidi ile ile imechanganywa mpangilio wa amino asidi. Kama ya nne inapita sawa na zingine, ligandi yako haifanyi chochote na ni vizuri ujue hilo mapema.

Sumu

MTT (mtihani wa kuona kama seli ziko hai) kwa seli za endothelia, si kwa HEK, saa 24 na 48. Ongeza mtihani wa kupasua seli nyekundu za damu, ni rahisi na unaonyesha mapema kama kitu hakitakubali kudungwa. Chagua dozi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya seli za ukuta ziko hai, na hiyo ndio dozi ya juu utakayotumia mbele, hata kama ya juu zaidi inang'aa vizuri.

Ukuta wa bandia kwa Transwell

Hapa usiharakishe. Unapanda seli za endothelia kwa kikombe chenye membreni ya matundu, juu ni "damu", chini ni "ubongo". Seli: bEnd.3 za panya ni za bei nafuu na hazisumbui, hCMEC/D3 ni za binadamu, zile za kutoka seli shina ni kali zaidi na ni ghali na kazi nyingi. Tofauti yao inaonekana kwa TEER, ukinzani wa umeme wa ukuta. Kwa ubongo wa mnyama hai inakadiriwa kupita omu 1,000 mara sentimita mraba, za seli shina zinaweza kufika huko, lakini bEnd.3 na hCMEC/D3 mara nyingi ziko kwa makumi tu. Kwa hivyo ukitumia hizo ujue ukuta wako uko na nyufa tayari na uandike hivyo. Kuongeza astrosaiti upande wa chini kunasaidia kiasi.

Ukipima TEER, toa ya kikombe tupu kwanza, kisha zidisha na eneo, 0.33 kwa vikombe vya sahani ya visima 24 na 1.12 kwa vya visima 12. Watu hugawanya badala ya kuzidisha, sijui kwa nini.

Matundu ya membreni: 0.4 mikromita yanazuia chembe zenyewe, zinanasa na utasema hazijavuka kumbe zimekwama kwa plastiki. 3 mikromita inapitisha lakini seli nyingine zinapenya zinamea upande wa chini. Tumia 3, chunguza chini kwa hadubini, na daima uwe na vikombe visivyo na seli ujue ni kiasi gani kinapita membreni yenyewe.

Na kitu cha hapa Nairobi ambacho protokoli haikuambii: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama 83 kPa badala ya 101. Inkyubeta ikisema CO2 asilimia 5, presha halisi ya hiyo gesi ni ndogo kuliko ya London, na midia yenye bikaboneti inakaa na pH ya juu kidogo, karibu 0.1. Kwa hesabu unahitaji kama asilimia 6 kupata hali ile ile. Seli nyingi zitavumilia, lakini polima ambazo chaji yake inategemea pH ni bora upime pH ya midia ikiwa ndani ya inkyubeta badala ya kuangalia rangi tu.

Sasa jaribio. Weka chembe juu pamoja na dekstrani (sukari ya mnyororo, isiyopaswa kupita yenyewe) ya kilodaltoni 70 yenye rangi tofauti, kisima hicho hicho, si kingine. Chukua sampuli za chini kila baada ya muda, rudisha midia mpya, hesabu Papp, yaani kiasi kinachopita kwa sekunde ukigawanya kwa eneo mara mkusanyiko wa mwanzo. Kama chembe zinapita na dekstrani pia imeongezeka kupita kawaida, hujavuka, umebomoa. Huu mjadala si wa juzi: Kreuter kule Frankfurt 1995 alipitisha dalajini (dawa ya peptaidi isiyovuka yenyewe) kwa panya na chembe zilizopakwa polisobati 80 (kitu kama sabuni), na maelezo ni kwamba zinaokota apolipoprotini E kwa damu na kuingia na mlango wa lipoprotini, lakini 1999 wengine wakasema sehemu ya matokeo ni sumu inayofungua ukuta. Mpaka leo bado watu wanabishana, na wewe unaweza kuukwepa huo ubishi kwa dekstrani ya bei ndogo.

Kontroli nyingine ambazo sitakuruhusu kuruka: jaribio lile lile kwa nyuzi 4, ambapo usafiri wa seli unalala lakini ufa haulali. Na jaribio ukiwa umejaza juu ligandi huru nyingi, ili milango ishikwe, kama kuvuka hakupungui basi hakukuwa kwa mlango huo. Fanya pia kwa midia yenye seramu, kwa sababu protini za damu zinavaa chembe zako na zinaweza kufunika ligandi yote.

Cha mwisho hapa, unapima nini chini? Ukipima rangi uliyobandika kwa polima, rangi inaweza kuwa imebanduka ikapita peke yake. Weka rangi moja kwa polima na nyingine kwa DNA, na kando upime plazmidi kwa qPCR (kuhesabu nakala za DNA), kisha chukua kilicho chini ukipeleke kwa seli mpya za neva ama za U-87 (za uvimbe wa ubongo) uone kama bado kinatoa lusiferesi. Hiyo ya mwisho ndio inanishawishi mimi kama msomaji. Kitu kilichovuka na bado kinafanya kazi, dekstrani imetulia, nyuzi 4 imekata, ligandi huru imekata. Ukiwa na hizo nne kwa paneli moja sitakuuliza mengi.

Kutoka kwa kifuko na kufika kwa kiini cha seli (nyuklia)

Chembe ikiingia kwa seli iko ndani ya endosomu, kifuko kidogo cha seli. PEI inasemekana inanyonya protoni, ioni za kloridi na maji vinafuata, kifuko kinapasuka. Hiyo nadharia bado inapingwa kwa vipimo vya pH ya ndani, kwa hivyo andika "inadhaniwa". Weka bafilomisini A1 kama kontroli, inazuia kifuko kuwa na asidi, uone kama lusiferesi inaanguka. Neva hazigawanyiki kwa hivyo nyuklia haifunguki, plazmidi inapata shida huko hata ikishavuka kila kitu. Ukiona inavuka vizuri na haitoi protini, jaribu mRNA, haihitaji nyuklia. Ila RNA inaharibika haraka, glavu zako na benchi yako ziwe safi kweli.

Panya

Ukifika hapa dozi iko ndani ya mikrolita 100 mpaka 200 kwa panya mdogo, glukosi asilimia 5, udungaji wa polepole. Vikundi: glukosi tupu, DNA uchi, chembe bila ligandi, chembe na peptaidi iliyochanganywa, chembe na ligandi. Chukua ubongo, ini, mapafu, wengu na figo vyote, uripoti vyote, kwa sababu ini litakuwa na nyingi zaidi na mtu akificha hiyo anaonekana.

Kabla ya kutoa ubongo, osha damu yote kwa kupitisha saline kwa moyo. Bila hivyo unapima damu iliyobaki ndani ya mishipa. Halafu tenganisha kapilari na tishu kwa sentrifuji ya dekstrani, ile njia ya maabara ya Pardridge ya 1990: saga ubongo, changanya na dekstrani, zungusha, kapilari zinashuka chini, tishu inabaki juu. Pima jeni kwa zote mbili kando. Kabla ya kuamini huo mgawanyo, hakikisha tishu ya juu haina alama ya endothelia, fosfatesi ya alkali inatosha. Na kwa picha za vipande vya ubongo, paka rangi ya kapilari pamoja na ya neva, uonyeshe kijani iko kwa seli gani. Kama kijani yote imelala juu ya kapilari, kichwa cha sura yako ya matokeo kiseme chembe zimefika kwa endothelia ya ubongo, na kuna magonjwa ya mishipa ambayo hilo peke yake lina kazi.